Kesi ya Mazrui

Mwaka 1971 Ali Mazrui alitoa riwaya yake ya pekee, The Trial of Christopher Okigbo. Stori iko hivi: mshairi Christopher Okigbo, ambaye katika maisha ya kweli aliuawa 1967 akipigania Biafra, anafika ahera na kukuta ameshafunguliwa mashtaka. Kosa lake ni kwamba aliweka kabila mbele ya ushairi. Alikuwa na kipaji cha bara zima, lakini akachukua bunduki kwa ajili ya watu wa damu yake na akafa kama askari yeyote yule. Anayepewa kazi ya kumtetea ni Hamisi, Mkenya, naye marehemu.

Kama riwaya, tuseme ukweli, ni kitabu cha profesa. Watu wake hawaongei, wanahutubiana. Unaweza kuruka kurasa kadhaa na usikose kitu. Lakini swali lililo katikati ya kitabu halijazeeka hata kidogo: mtu mwenye kalamu ana deni gani kwa ukoo wake? Mazrui alimsimamisha Okigbo kizimbani kwa swali hilo. Zaidi ya miaka 50 baadaye, nadhani ni halali kuligeuza swali limwelekee aliyeuliza. Na nikisema aliyeuliza simaanishi Ali peke yake. Namaanisha jina lenyewe, Mazrui, na wale waliolibeba huku wakiandika.

Sisi wengi wa Nairobi tukisikia Mazrui tunamfikiria mzee mmoja tu: yule wa televisheni, Kiingereza kimenyooka kama shati la sikukuu, aliyekuwa chansela wa chuo kikuu cha JKUAT kuanzia 2003. Ukiandika jina hilo kwenye simu na ukosee herufi moja, utaletewa Noussair Mazraoui, beki wa Manchester United kutoka Morocco. Ukikosea nyingine utaletewa Suhail Al Mazrouei, waziri wa kawi wa Falme za Kiarabu, yule anayenukuliwa kila bei ya mafuta ikicheza. Beki tumwache na mpira wake. Waziri ana uhusiano na stori yetu, kwa sababu Mazrui ni kabila kubwa la Oman na Emirati kabla ya kuwa familia ya Mombasa. Na jina lenyewe limejengwa kwa mzizi wa Kiarabu wa kupanda na kulima. Mazrui, kwa herufi zake, ni kilichopandwa. Shikilia hilo la kulima, tutalirudia.

Mombasa walifika na dola. Waomani waliwatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698, na katika karne iliyofuata maliwali waliotumwa kuushika mji walitoka ukoo wa Mazrui. Oman ilipopata watawala wapya, Wabusaidi, Wamazrui wa Mombasa walikataa kuwatambua. Wakajitawala. Wakaingia vita na Lamu, wakashindwa vibaya kule Shela. Mwaka 1824 wakamwomba nahodha wa Kiingereza, William Owen, apandishe bendera yake juu ya ngome ili Seyyid Said asiwaguse, na bendera hiyo ikakaa miaka miwili tu kabla London kuikana. Mwaka 1837 Seyyid Said akauchukua mji, na wakubwa wa ukoo wakasafirishwa wasirudi tena. Waliobaki waligawanyika: wengine wakaenda kusini, Gazi, wengine kaskazini, Takaungu. Huko Gazi ndiko alikotoka Mbaruk bin Rashid, aliyewasumbua Waingereza kwa vita vya 1895 na 1896 mpaka akalazimika kuvuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani.

Hiyo historia ningeweza kuihadithia kwa sauti ya shangwe, na wengi wameihadithia hivyo. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa wa enzi hizo, alikuwa upande wa Wamazrui dhidi ya Zanzibar, na mashairi yake ya siasa ni sehemu ya sababu bado tunaona ule mvutano kama tamthilia ya mashujaa. Lakini kuna swali ambalo shangwe haiulizi. Takaungu na Gazi walikuwa wanakula nini? Walikuwa wanakula mashamba, na mashamba yale yalilimwa na watumwa. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika ukanda wa Pwani mpaka 1907. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaleta sheria ya hatimiliki, na watu wenye karatasi, mashahidi na lugha ya mahakama wakadai ardhi ya kibinafsi. Wamijikenda wengi na wazao wa watumwa wakabaki maskwota kwenye udongo waliokuwa wanaulima. Ardhi ya Mazrui ya Takaungu iliwekewa sheria yake maalum ya amana. Bunge likaifuta sheria hiyo 1989, na mvutano umefika mahakamani, familia ikidai ilinyang'anywa na wakaazi wakidai wao ndio walionyang'anywa kwanza.

Kwa hivyo jina la kupanda lilibebwa na watu ambao kwa sehemu kubwa hawakushika jembe. Ningeliacha hapo kama utani wa kamusi kama familia hii isingekuwa familia ya waandishi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na hawa wamesana kweli. Ukitaka kusoma habari za Mazrui, utaishia kumsoma Mazrui mwingine. Hii ndiyo nguvu yao kubwa, kubwa kuliko mizinga ya Fort Jesus, na hapo ndipo mhakiki anapaswa kuwa macho.

Anza na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi kifo chake 1947. Huyu ndiye baba wa Ali. Wanahabari wa Kenya tungekuwa na akili tungemkumbuka kila mwaka, manake 1930 alianzisha gazeti dogo la Kiswahili, Sahifa, na 1932 akafuatisha Al-Islah. Aliyoyaandika Sahifa yalikuja kukusanywa katika Uwongozi, na ukiyasoma leo unashangaa jinsi yalivyo makali. Anawachapa Waislamu wa Pwani mwenyewe, watu wake: mnaiga Wazungu mambo ya kipuuzi na mnaacha ya maana, mmepuuza elimu, mnajivunia ya mababu huku mkilala. Hakuna anayeweza kusema mtu huyu aliogopa kuwaambia jamaa zake ukweli.

Halafu mtu huyohuyo akakaa kuandika, kwa Kiarabu, historia ya maliwali wa Mazrui wa Mombasa. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1995. Ni kitabu muhimu sana; bila yeye tungebaki na taarifa za manahodha wa Kiingereza tu, na ni jambo zuri kwamba Mwafrika wa Pwani aliishika hadithi ya Pwani kabla haijaandikwa yote na wengine. Lakini ni historia ya nasaba, na historia ya nasaba ina macho ya aina moja. Inahesabu nani alitawala baada ya nani, nani alimsaliti nani. Haihesabu nani alipalilia. Yule mhariri wa Sahifa aliyekuwa haogopi kuukemea uvivu wa watu wake leo, anapoingia katika jana yao anakuwa mtunzaji wa nyumba. Sidhani ni unafiki. Nadhani ndivyo jina linavyofanya kazi: linakuruhusu kuwakosoa waliopo, kwa sababu unawakosoa kwa kuwalinganisha na waliotangulia.

Sasa Ali. Sisi tulioacha chuo katikati tunapenda sana mwanzo wa maisha yake, na nitausema japo kwa haraka. Alizaliwa Mombasa 1933, akamaliza shule na alama mbovu kiasi kwamba Makerere ilimkatalia, akawa karani katika taasisi ya elimu ya Kiislamu mjini kwao. Ufadhili ukampeleka Uingereza, na katikati ya miaka ya 1960 akarudi Makerere ileile kama profesa, kijana wa miaka 30 na kitu. Stori tamu. Ila tukiisimulia tukumbuke pia kwamba karani huyu alikuwa mtoto wa Kadhi Mkuu. Si kila mwenye alama mbovu Mombasa ya wakati ule alikuwa na jina la kumfanya mtu amtazame mara ya pili.

Kazi iliyomfanya ajulikane dunia nzima ni The Africans: A Triple Heritage, filamu ya televisheni ya sehemu tisa ya mwaka 1986, na kitabu chake. Hoja yake inajulikana: Afrika ni mkutano wa urithi mara tatu, wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Marekani wahafidhina walikasirika hadi mkuu wa taasisi ya serikali iliyochangia pesa akataka jina la taasisi liondolewe kwenye filamu. Upande mwingine Wole Soyinka alimshambulia kwa ukali, akimwona kama mtu anayeupamba Uislamu na Uarabu huku akiufanya urithi wa asili uonekane mdogo.

Mimi nikiisoma ile hoja leo naona picha ya familia. Mwafrika, Mwislamu, Mwingereza wa elimu: hiyo ni wasifu wa kijana wa Mombasa aliyesomea Oxford. Hakuna ubaya kuanzia nyumbani. Nadharia nyingi kubwa zimeanzia sebuleni. Taabu inaanza pale sebule inapoitwa bara. Mtu wa Turkana au wa Lesotho anaambiwa naye ana urithi mara tatu, na anajitafuta kwenye mguu wa pili bila kujiona.

Na kuna sehemu moja ya fikra zake ambayo siwezi kuipita. Ali alikuwa na hoja ya kulinganisha utumwa wa Marekani na ule wa Waarabu. Marekani, alisema, mtoto wa bwana na mtumwa alihesabiwa mweusi na akabaki chini. Kwa Waarabu mtoto alimfuata baba, akawa Mwarabu, akapanda. Kama maelezo ya jinsi jamii mbili zilivyopanga rangi, hoja ina ukweli. Lakini angalia inasimama juu ya nini. Inasimama juu ya jina la ukoo. Mtoto anapanda kwa sababu anapewa jina la baba. Je, mama? Mama anabaki wapi katika hesabu hiyo? Jina linasafiri miaka mia mbili, linapitia ngome, msikiti na chuo kikuu, na ndani yake wamo wanawake ambao nasaba haikuwaandika. Ali alikuwa katika kundi la watu mashuhuri lililoteuliwa na umoja wa nchi za Afrika mwaka 1992 kudai fidia ya utumwa, akadai kwa ufasaha kabisa, na wa kuandikiwa barua ya madai alikuwa Magharibi. Nilitamani mtu mwenye akili ile aigeuze bahasha hata mara moja aone anwani ya mtumaji.

Hamisi wa ile riwaya ya 1971 angemtetea. Angesema huwezi kumshtaki mtu kwa dhambi za mababu, na angekuwa sawa. Ali hakumiliki mtumwa. Mashtaka yangu ni ya fasihi, si ya mahakama ya Mombasa: kwamba mtu aliyemuuliza Okigbo kuhusu ukoo hakujiuliza kwa ukali uleule.

Aliyekaribia zaidi kujibu, kwa maoni yangu, ni Mazrui ambaye watu wengi wa rika langu walimkuta kwenye somo la Kiswahili na hawakuunganisha hata jina. Alamin Mazrui, mwanaisimu, jamaa yake Ali na mwenzake katika kuandika. Wametoa pamoja vitabu kama Swahili, State and Society na The Power of Babel. Mwaka 1981 alichapisha tamthilia, Kilio cha Haki. Mwaka 1982 serikali ya Moi ilipokuwa inawakusanya wahadhiri mmoja mmoja, naye alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1988 ikatoka diwani yake, Chembe cha Moyo, ambayo baadhi ya mashairi yake yanatoka huko kifungoni.

Kilio cha Haki inatupeleka kwenye shamba la mlowezi Mzungu anayeitwa Delamon. Wafanyakazi wanadai haki na anayewaongoza ni mwanamke, Lanina. Ninachopenda ni kwamba Lanina hapigani na bosi peke yake. Anapigana pia na wanaume wa upande wake, wale wanaotaka ukombozi uje lakini usiletwe na mwanamke. Kwa tamthilia ya Kiswahili ya 1981 hilo halikuwa jambo dogo. Na baada ya kusoma nasaba za wanaume watupu, kumkuta Lanina katikati ya jukwaa, hana liwali wa kumtaja, hana ngome, ana kazi yake na mdomo wake tu, unahisi kama mtu amefungua dirisha.

Hata hivyo nina swali kwa Alamin pia, na naliuliza kwa heshima. Mbona shamba ni la Mzungu? Delamon tunamjua kabla hajaongea, hata jina lake lanukia Delamere. Ukimchukia hupotezi chochote. Mwandishi alikuwa na mashamba mengine ambayo angeweza kuyapeleka jukwaani, yaliyokuwa karibu zaidi na jina lake, na ambayo wafanyakazi wake walikuwa na kilio kirefu kuliko cha Lanina. Najua jibu la wakati ule: adui alikuwa ukoloni na mrithi wake, na tamthilia ilikuwa inaiambia Kenya ya 1981 mambo ambayo Kenya ya 1981 ilielewa vizuri sana, kiasi cha kuwafunga watu wanaofikiria hivyo. Nalikubali jibu. Swali bado halijaisha.

Chembe cha Moyo ndiyo inayonifanya nimwachilie. Si kwa sababu inajibu swali la shamba, hailigusi. Ni kwa sababu hapo jina limevuliwa nguo. Seli haijui liwali wala kadhi. Mtu aliyewekwa kizuizini bila kesi hana hata mashtaka ya kujibu. Okigbo kule ahera angalau alipewa mwanasheria. Mashairi yale yanatumia mtindo huru na ya kimapokeo bila kuomba ruhusa kwa wakali wa vina, na sauti yake ni ya mtu anayehesabu alichobakiwa nacho. Alichobakiwa nacho ni lugha, na lugha yenyewe ni Kiswahili, ambayo si mali ya ukoo wowote. Mjukuu wa liwali anaongea nayo, mjukuu wa mtumwa wa liwali anaongea nayo, na kwa lafudhi ileile ya Mombasa. Katika vitabu vyote vya jina hili, hiki chembamba ndicho ninachokiona hakina haja ya jina kwenye jalada.

Ndiyo maana inaniudhi kidogo jinsi tunavyogawa utukufu. Ali alipofariki Oktoba 2014 huko Marekani, mwili wake ulirudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya ukoo, hatua chache kutoka Fort Jesus. Maandishi ya kumuaga yalikuwa mengi na alistahili. Lakini wasomaji wa Nairobi wanaoweza kukutajia urithi mara tatu ni wengi kuliko wanaoweza kukutajia shairi moja tu la Chembe cha Moyo. Tunampa hadhi aliyeielezea Afrika kwa Kiingereza, na aliyeandika maumivu ya Kenya kwa Kiswahili tunamwachia mwalimu wa fasihi.

Basi hukumu. Kwa shtaka la kuweka ukoo mbele ya kalamu: Sheikh Al-Amin ana hatia nusu, kwa sababu Sahifa inamtetea pale historia yake inapomshtaki. Ali ana hatia ya kuuita ukoo bara. Alamin hana hatia katika mashairi, na katika tamthilia kesi imeahirishwa.

Shahidi mkuu hajafika bado. Huyo ni mwandishi wa Takaungu au Gazi ambaye bibi yake alilima na hakuwa na jina la ukoo la kumwachia, au ni kijana wa ukoo wa Mazrui, leo, mwenye karatasi za nyumbani na moyo wa kuzifungua. Afadhali waje wote wawili, na afadhali waandike kwa lugha ambayo kila mmoja ataweza kumsoma mwenzake bila mkalimani. Wakija, hata ile riwaya ya Okigbo itasomeka upya. Kwa sasa, kama utasoma kitabu kimoja tu chenye jina hili kwenye jalada, kisome Chembe cha Moyo. Ni kifupi. Utakimaliza kwenye matatu mbili za kwenda kazini.